Mzee Nani Hapo na Dawa ya Kuogea

Mtaa mzima ulimwita Mzee Nani Hapo, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa amelinda ghala la saruji tangu ujana hadi mvi zikamwingia kwenye nyusi, na hata baada ya kustaafu, ukimbishia hodi hukusikia "karibu" kama kwa watu wengine. Ulisikia kiti kikikwaruza sakafu, kisha sauti nzito: "Nani hapo?" Ukijitaja, alikuuliza umetoka wapi. Ukimjibu, alikuuliza nani amekutuma. Wauza mboga walikwisha kumzoea. Walikuwa wakijibu yote matatu kwa mkupuo kabla hajafungua kinywa, kisha ndipo wanataja mchicha.

Watu walicheka, lakini wachache walijua maradhi hayo yalianzia wapi. Alipokuwa kijana pale ghalani alipangiwa zamu na mlinzi mwenzake, mtu wa mizaha, aliyemwita "pacha wangu". Walikula sahani moja, wakaazimana makoti ya mvua. Siku moja ya baridi pacha alimmiminia chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. Akainywa, akaisifu. Alipozinduka jua lilikuwa limeshamchoma uso, lango liko wazi, ghala limefagiliwa, na pacha hajulikani alikoelekea hadi leo. Polisi walimhoji mpaka wao wakachoka. Mwenye ghala alimsamehe akamrudisha kazini, lakini kitu kimoja ndani yake hakikurudi. Tangu hapo hakunywa chai iliyomiminwa nyuma ya mgongo wake. Kikulacho ki nguoni mwako, alikuwa akisema, na alisema kwa sauti ya mtu ambaye tayari ameliwa.

Mkewe ndiye pekee aliyepita lango hilo bila kukaguliwa. Alipofariki, mtoto wao wa pekee, dereva wa lori la masafa marefu, alimchukua baba yake akae naye. Nyumba haikuwa kubwa. Chumba cha mbele kilikuwa na dirisha la mtaani, na hapo ndipo mke wa dereva alipoiweka cherehani yake. Alikuwa fundi wa sare za shule, mwanamke mwenye kicheko cha ghafla, na kwa kuwa kila mara alikuwa amebana pini midomoni, aliongea kwa pembe ya mdomo kama mtu anayekupa siri. Mwanzoni walipatana vizuri sana. Mzee alimwita "mwanangu". Naye alimwita "baba" bila kuongeza neno mkwe.

Mapatano hayo yaliharibiwa na jino.

Lilikuwa gego la nyuma lililooza. Mzee alikwenda kung'olewa, akarudi na pamba shavuni na kichupa cha dawa ya kusukutua. Kwa kuwa hakuweza kutafuna, mkwe wake alimpikia supu laini ya viazi na karoti, akaipooza, akamletea. Mzee alikunywa vijiko vichache. Mara midomo ikaanza kuwasha, ikavimba, ikajaa kama ya mtu aliyeumwa na nyuki. Akalisukuma bakuli mpaka supu ikamwagika mezani.

"Umenitilia nini?" aliuliza.

Mkwe alidhani ni utani, akacheka kile kicheko chake. Hapo ndipo alipokosea zaidi, kwa sababu mzee alikuwa amewahi kusikia kicheko cha namna hiyo, cha mtu anayemimina chai.

Uvimbe ulikwisha, lakini shuku haikwisha. Mzee alijinunulia jiko dogo la mafuta ya taa na sufuria yenye mfuniko mzito. Kabati lake la chakula akalitia kufuli, na ufunguo akauning'iniza shingoni ndani ya shati. "Mwanangu" likafa, likaja "bibie". "Bibie, umeniwekea wapi ndoo yangu?" "Bibie, nani alisogeza viatu vyangu?" Yule dereva, akiwa katikati ya mke na baba, alifanya wanachofanya wanaume wengi wa namna yake: akaomba safari ndefu zaidi.

Wakakaa hivyo kwa muda mrefu, wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja akisikiliza nyayo za mwenzake. Mzee alipika uji wake akiwa ameupa ukuta mgongo ili asivamiwe. Mkwe naye, akiwa jikoni kwake, alikuwa akionja kila alichopika kwa sauti, akifyonza kijiko ili mzee asikie. Mzee alisikia. Akajiambia: mbona anaonja kwa kelele hivyo? Mtu safi huonja kimya.

Kisha ngiri ikaja. Kwa muda mrefu kilikuwa kinundu tu kinenani, ambacho mzee alikisukuma ndani kwa kidole na kukificha kama alivyoficha mengine. Siku moja akainua ndoo ya maji, kinundu kikatoka na kikakataa kurudi mpaka alipolala chali na kutoa jasho. Daktari alimtazama akasema jambo hilo si la kungoja. Apasuliwe, arekebishwe, arudi nyumbani.

Siku ya kwenda kupimwa na kupewa maelekezo dereva alikuwa safarini, hivyo mkwe ndiye aliyemsindikiza. Mzee alikubali, lakini kwenye benchi alimwachia nafasi ya watu wawili katikati. Walipoitwa ndani, walimkuta muuguzi wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na aliuliza maswali yake polepole bila kuchoka.

"Mzee wangu, kuna dawa yoyote unayotumia nyumbani?"

"Hapana."

"Ya kienyeji? Ya kupaka? Ya maumivu?"

"Nimesema hapana."

"Haya. Una mzio wowote? Yaani kuna dawa, chakula au sabuni iliyowahi kukuwasha, kukutoa vipele, kukuvimbisha, kukubana kifua?"

Mzee aliitazama kalamu ya muuguzi. Mtu akikuuliza sana, alijua, anatafuta pa kukukamatia. Pale nje foleni ilikuwa imejaa, na bila shaka walikuwa wanatafuta kisingizio cha kumwondoa ili wamwingize mtu wao. Na hata kama si hivyo, ile midomo haikuwa habari ya sabuni wala dawa. Ile ilikuwa kesi ya nyumbani.

"Sina," alisema. "Mimi ni chuma."

Mkwe alifumbua mdomo. Mzee akamgeukia na kumtazama kwa jicho lililowahi kurudisha nyuma malori, naye akaufumba. Aliogopa. Kuitaja midomo ilikuwa ni kuifungua upya ile kesi, safari hii mbele ya mgeni, na yeye mwenyewe ndiye mshitakiwa.

Baadaye kidogo mzee akaomba kwenda msalani. Aliporudi, muuguzi alikuwa akiagana na mkwe, na kwenye mkoba wa mkwe ilikuwa imesimama chupa ya majimaji ya rangi ya waridi.

"Ni dawa ya kuogea, mzee," muuguzi alisema. "Inaua vijidudu vya kwenye ngozi ili visiingie kwenye kidonda tutakapokupasua. Nimeshamweleza binti yako."

Si binti yangu, mzee alitaka kusema. Akameza.

Nyumbani alidai chupa hata kabla ya kuvua viatu. Aliingia nayo chumbani, akaketi kitandani karibu na dirisha, akaigeuzageuza kwenye mwanga. Akaitikisa. Akanusa pembeni. Kisha akazungusha mfuniko, na mfuniko ukazunguka laini, bila ule mlio mdogo wa plastiki inayokatika. Kile kipete cha chini ambacho hukaa imara kwenye chupa mpya kilikuwa kimeshaachana na mfuniko.

Chupa ilikuwa imeshafunguliwa.

"Bibie!"

Mkwe alikuja na utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Mzee hakumkaribisha ndani.

"Nani amefungua hii?"

"Muuguzi, baba. Alikuwa ananionyesha jinsi ya..."

"Anakuonyesha wewe? Mgonjwa ni nani?"

"Wewe ulikuwa msalani, baba."

"Ahaa." Mzee alitikisa kichwa polepole. "Nilikuwa msalani. Basi niambie alichokuonyesha."

Mkwe alitoa pini mdomoni ili aongee wazi. Alisema muuguzi amemwambia dawa inatumiwa jioni ya leo na kesho asubuhi kabla ya kwenda hospitali. Isiingie machoni, masikioni wala mdomoni. Isipakwe penye kidonda wala mchubuko. Isichanganywe na sabuni nyingine, isuuzwe vizuri kwa maji safi, na baada yake asipake mafuta wala poda. Na asijinyoe mwenyewe pale patakapopasuliwa, wao watashughulika.

"Isiingie machoni," mzee alirudia. "Isiingie mdomoni. Isiguse kidonda. Dawa gani hii ambayo kila mahali haitakiwi?"

"Ndiyo maana nakwambia, baba, ili..."

Mlango ukafungwa.

Mzee alikaa akiitazama chupa. Kuitupa hakukuwa na maana. Wangemwahirishia, na kinundu kilikuwa kimeanza kumwamsha kwa maumivu. Kuoga nayo mwili mzima, chupa iliyofunguliwa asipokuwapo yeye, ilikuwa ni kunywa chai ya pacha kwa mara ya pili. Akaamua kufanya kama mlinzi. Mwizi humfungulii lango lote. Unamwachia upenyo, unakaa kando, unangoja.

Alimimina tone nyuma ya mkono wa kushoto, akalisugua kwa kidole, akakaa akiutazama mkono huo kama alivyokuwa akilitazama lango. Huko mbele cherehani ilikuwa ikinguruma, ikinyamaza, ikinguruma. Mtoto alilia mtaani, akabembelezwa. Hakikutokea kitu. Mzee alianza kuona haya kidogo, akafikiri pengine anazeeka vibaya, pengine watu wana haki ya kumcheka.

Mara mkono ukaanza kuwasha.

Kwanza ulikuwa mwasho mdogo, kama wa mbu. Kisha pakainuka baka jekundu, likazaa jingine, na mabaka yakapanda kuelekea kwenye kiwiko kama watu wanaopanda ngazi. Alijikuna, yakaongezeka. Akahisi kope moja ya jicho imekuwa nzito. Na ukitaka kujua shuku inavyoweza kummaliza mtu, sikia hili: jambo la kwanza alilohisi mzee yule, mwenye mkono uliovimba na jicho linalofumba lenyewe, halikuwa woga. Ilikuwa furaha. Alikuwa sahihi! Muda wote huu alikuwa sahihi!

Alitoka chumbani akiwa ameuinua mkono juu kama bendera.

"Nimekushika!" alisema. "Leo nimekushika! Utamwambia nini mume wako?"

Mkwe aliinua macho kutoka kwenye kola ya shati la shule. Aliuona mkono, akaliona jicho, na pini zikamdondoka zote kwenye sakafu.

"Baba, kanawe."

"Ulitia nini humu?"

"Kanawe kwanza, baba! Nawa, halafu uniue!"

Alikimbia akaleta beseni. Mzee akalikataa. Maji yaliyotekwa na yeye? Akapita pembeni, akaenda kwenye bomba la uani akalifungulia mwenyewe. Mkwe akamfuata akasimama pembeni yake kama msimamizi wa kazi.

"Maji mengi. Endelea. Usijikune, baba, yaache yatiririke. Umepaka wapi pengine? Uliligusa jicho?"

"Sijui."

"Fumba jicho, limwagie maji. Koo likoje? Unameza vizuri? Vuta pumzi nikuone."

Mzee alivuta pumzi. Ilikuja, lakini kwa shida kidogo, kama inayopita kwenye mlango ulioegeshwa. Hapo ndipo woga ulipomfikia. Na pamoja na woga lilimjia wazo ambalo hakulipenda: aliyekutilia sumu haulizi kama unapumua. Akalifukuza. Wanajua kujifanya, akajiambia. Lakini alijiambia kwa sauti ndogo.

Mkwe hakumngoja amalize kuwaza. Alikamata chupa, akaifunga mfuniko, akaitia kwenye mkoba, akatoka barabarani bila mtandio akaizuia teksi kwa mwili wake. Ndani ya teksi alimwambia mwenye teksi maneno mawili tu, "hospitali, haraka," kisha njia nzima akawa anamuuliza mzee kitu kimoja: "Baba, unapumua?" Na mzee, akitaka asitake, akawa anamjibu.

Daktari wa zamu alimchoma sindano, wakamlaza kwenye kitanda chenye pazia, wakamfunga mkanda wa kupimia presha. Pumzi ikafunguka. Mabaka yakaanza kufifia. Ndipo yule muuguzi wa miwani ya kamba alipokuja, akavuta kiti, akaketi, na kuishika ile chupa.

"Haya, mzee wangu. Nieleze."

"Muulize huyu," mzee alisema, akimwonyesha mkwe kwa kidevu. "Yeye ndiye aliyeifungua."

"Chupa niliifungua mimi."

Mzee alikishusha kidevu.

"Niliifungua hapa hapa, kwenye meza ile, nikammiminia kwenye kitambaa aone kiasi chake. Halafu nikaifunga. Na hapo nimekosea, mzee. Mgonjwa ni wewe. Ningekungoja utoke msalani, nikuonyeshe chupa ikiwa nzima, tuangalie pamoja tarehe ya mwisho wa matumizi, ndipo niifungue. Una haki ya kuikataa chupa usiyojua nani ameifungua. Lakini ukiitilia shaka, unairudisha. Hujijaribii chumbani peke yako."

"Nilitaka kuhakikisha."

"Umehakikisha," muuguzi alisema, akiutazama mkono. "Sasa nitakuuliza tena lile swali la asubuhi, na safari hii usinijibu kama askari. Ulishawahi kuvimba namna hii?"

Mzee alimtazama mkwe wake, na mkwe akatazama sakafu.

"Sema," mzee akamwambia. "Si unataka kusema?"

"Alivimba midomo," mkwe alisema polepole. "Siku aliyong'olewa jino. Nilimpikia supu."

"Supu ya nini?"

"Viazi na karoti. Na kitunguu kidogo."

"Vitu hivyo huwa unakula, mzee?"

"Huwa nakula. Napika mwenyewe."

"Na havikuvimbishi."

"Nikipika mwenyewe, haviwezi kunivimbisha," mzee alisema, kisha akasikia mwenyewe jinsi ilivyosikika.

Muuguzi aliigeuza chupa mkononi. "Walipokung'oa jino, walikupa nini cha kwenda nacho nyumbani?"

"Vidonge vya maumivu. Na dawa ya kusukutua."

"Ulisukutua lini? Kabla ya supu au baada?"

Sasa, mzee huyu alikuwa amehojiwa na polisi maishani mwake, na yeye mwenyewe alikuwa amehoji maelfu pale langoni. Alijua swali linapokuwa na meno. Akafumba macho akairudia siku ile kama alivyokuwa akilizunguka ghala, kona kwa kona. Alifika nyumbani. Akatema pamba. Akasukutua, kwa sababu daktari wa meno alisema asukutue mara akifika. Dawa ilikuwa chungu na ya baridi. Ulimi ukamtekenya. Ndiyo, ulimtekenya. Alidhani ni ganzi inayotoka. Kisha mkwe akaingia na bakuli.

"Kabla," alisema.

"Na baada ya hapo?"

Hapa alichelewa zaidi. Baada ya hapo alikuwa amelisukuma bakuli, akaingia chumbani kwa hasira, na ili kuondoa ladha ya ile supu akasukutua tena. Na midomo ikazidi. Usiku kucha ikawa inazidi, bila supu, bila mtu kumgusa. Asubuhi kinywa kilikuwa kimejaa hata hakuweza kusukutua, na ndipo uvimbe ukaanza kupungua. Haya yote alikuwa nayo kichwani tangu siku ile. Hakuna hata moja alilolisahau. Hakuyauliza tu, kwa sababu mwizi alikuwa ameshapatikana.

"Baada ya hapo pia," alisema.

Muuguzi alitikisa kichwa. "Dawa nyingi za kusukutua wanazotoa baada ya kung'oa jino zina kitu kinaitwa klorheksidini. Na hii ya kuogea ni hiyo hiyo, ila kali zaidi. Wengi haiwafanyi chochote. Wachache inawavimbisha, na kila wanapokutana nayo tena inaweza kuwa mbaya kuliko mara ya kwanza. Sitakuapia, daktari atataka vipimo ili ahakikishe. Lakini mpaka hapo tutakapojua, dawa hii kwako ni mwiko. Ya kuogea, ya kusukutua, ya kufutia ngozi kabla ya sindano, hata jeli zetu za hospitali, nyingine zinayo. Kila utakapokwenda, kitu cha kwanza utakachosema ni hiki. Kabla ya jina lako."

Alisimama, kisha akaongeza: "Ungeoga nayo mwili mzima leo, mzee, tusingekuwa tunaongea. Namshukuru aliyekuleta."

Akatoka kwenda kumwarifu daktari.

Wakabaki wawili nyuma ya pazia. Mkwe alikuwa ameketi kwenye kile kiti, utepe wa kupimia ungali shingoni. Alikuwa ametoka nao nyumbani bila kujua. Mzee alitafuta neno. Maisha yake yote alikuwa amefundishwa kuuliza. Kujibu kulikuwa kugumu.

"Kumbe ilikuwa dawa," alisema hatimaye.

Mkwe alijibu bila kumtazama.

"Mimi nilianza kuamini, baba."

"Kuamini nini?"

"Kwamba nilikutilia kitu. Si kwa makusudi. Nilifikiri labda sufuria ilikuwa na sabuni. Labda kitunguu kilikuwa kibovu. Nilitupa viungo vyote vya jikoni, kopo kwa kopo. Nilimwendea mwenye duka nikamuuliza kama chumvi yake ina dawa ya panya, akanicheka. Nikipika naonja, nikionja nangoja nione kama nitavimba. Mpaka leo nangoja. Mwanao akirudi safari, simpi chakula mpaka nimekula mimi kwanza."

Mzee alisikia tena kichwani kile kijiko kikifyonzwa jikoni, siku baada ya siku. Alikuwa amekichukua kuwa ushahidi dhidi ya mkwe.

Alitaka kusema mengi. Kilichotoka ni hiki: "Mimi nilinyweshwa chai, mwanangu."

Na kwa mara ya kwanza akamsimulia habari ya pacha, yote, hata sehemu ya kuwa alimpenda mtu yule kuliko ndugu. Hata mwanawe wa kumzaa hakuwahi kuisikia. Mkwe alisikiliza bila kukatiza. Mwishoni alisema, "Basi huyo ndiye aliyetuharibia nyumba. Na hata hatumjui sura." Akacheka kile kicheko cha ghafla, kikaishia katikati kwa sababu alikuwa analia. Mzee alinyoosha ule mkono wenye mabaka akamshika bega, kwa uzito, kama mtu anayejaribu kama mlango umefungwa vizuri.

"Nisamehe," alisema.

"Nimesikia, baba," alijibu mkwe, na kwa siku ile hakuongeza zaidi. Mzee alielewa kuwa kusikia si kusamehe, na kwamba hana haki ya kuharakisha.

Upasuaji ulisogezwa mbele kidogo mpaka mwili utulie. Safari hii walimfunga mkononi utepe mwekundu unaotangaza mzio wake, na muuguzi wa miwani alimletea chupa nyingine, ya dawa ya kahawia yenye iodini, ikiwa imefungwa. Aliisimamisha mezani mbele ya mzee na mkwe wake wote wawili. Akauliza kama ana tatizo la tezi shingoni, kama iodini iliwahi kumletea shida, kama ana mchubuko wowote. Mzee alijibu kila swali kwa urefu ambao muuguzi hakuutarajia. Alisimulia hadi kidonda cha utotoni alichopakwa dawa kama hiyo kikapona. Kisha akaichukua chupa, akaisoma tarehe kwa sauti, akampa mkwe naye aisome, akazungusha mfuniko mwenyewe. Plastiki ikalia.

"Umeridhika?" muuguzi aliuliza.

"Ndani yake kuna nini zaidi ya iodini?"

Muuguzi akaketi tena, akamsomea.

Wodini alikuwa gumzo. Hakuna pamba iliyomkaribia bila kuulizwa ilikotoka. Kijana wa maabara aliyekuja kumtoa damu alisomewa utepe mwekundu mpaka akaukariri, na kabla ya chumba cha upasuaji mzee aliinua kichwa kwenye kitanda cha magurudumu akatangaza mzio wake kwa daktari, kwa mtu wa ganzi, na kwa mfagiaji aliyekuwa akipita. Mtu wa ganzi alisema angependa wagonjwa wote wawe hivyo. Mfagiaji alisema yeye amesikia.

Kinundu kilirekebishwa, kidonda kikakauka vizuri, mzee akarudishwa nyumbani na kukatazwa kuinua chochote kizito kuliko sahani. Jiko lake la mafuta ya taa lilikuwa zito kuliko sahani. Hakuna aliyelizungumzia. Siku ya kwanza mkwe alimletea chakula chumbani, akakiweka juu ya kiti, akasimama mlangoni. Alichota kijiko ili aonje kwanza.

"Acha," mzee alisema. "Kitapoa."

Akala. Kijiko cha kwanza kilikawia mbele ya midomo, na mkwe aliona, na mzee aliona kwamba ameona. Alikula mpaka mwisho. Mkwe hakuondoka pale mlangoni mpaka alipomaliza. Yeye naye alikuwa akiitazama midomo.

Haikuwa rahisi siku zilizofuata. Mazoea ya miaka hayaoshwi kwa siku moja. Kuna siku mzee aliamka ameudhika bila sababu, akanusa chai kabla ya kunywa, na mkwe akatoka. Kuna siku mkwe alimjibu kwa mkato mpaka mzee akajua kwamba anastahili. Lakini mchana, kwa kuwa alikatazwa kutembea sana, alianza kukaa chumba cha mbele karibu na dirisha, akimchambulia vifungo kwa ukubwa na rangi. Wateja walipobisha hodi, yeye ndiye aliyewapokea, na mkwe akagundua kwamba hakuna fundi mtaani mwenye mlinda mlango kama huyo. Waliokuwa wakichukua sare kwa ahadi tu ya kulipa walianza kuja kwa adabu.

Dereva alirudi safari alasiri moja bila kutoa taarifa. Aliegesha lori mwisho wa mtaa, akaja kwa miguu, begi begani, akiwa amejiandaa kwa kile kimya cha nyumbani alichokizoea. Akasimama nje ya dirisha. Ndani baba yake alikuwa akibishana na mkewe kwa sauti kubwa kuhusu kifungo cha bluu ambacho mmoja aliona ni cha kijani, na wote wawili walikuwa wanacheka.

Aliingia taratibu, akawatazama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine.

"Kuna nini hapa?" aliuliza. "Mnanificha nini?"

Mkwe akamtazama mzee. Mzee akaokota kifungo kingine, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Keti, mwanangu," alisema. "Utuambie kwanza umetoka wapi."

Dereva aliketi, lakini kwenye ukingo wa kiti, na begi hakulitua.